Korongo linapanda kuelekea kinamasi, nifanyeje?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nipo Kondoa, nina kondoo 60. Njia waliyokuwa wakipanda kwenda kunywa maji kinamasini imegeuka korongo. Nikisimama ndani sionekani. Kila mvua linasogea juu. Nimelijaza miiba na takataka mara mbili, zote zimesombwa. Hicho kinamasi nataka kukichimbia mtaro kikauke, nipate malisho ya kiangazi. Naomba ushauri.

JIBU: Salama, ndugu. Nianze na huo mtaro: usichimbe. Kinamasi kinanyonya maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo, ndiyo maana pale pana majani mabichi hata Septemba. Ukikikausha, maji yote yatashuka kwa mkupuo hadi kwenye korongo lile lile, na hayo malisho unayoyatafuta yatakauka mapema kuliko sasa. Isitoshe, ardhi oevu inalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa hiyo afisa mazingira wa wilaya lazima umwone kwanza.

Miiba yako ilisombwa kwa sababu ulianzia ndani. Korongo hukua kichwani, yaani kwenye ncha yake ya juu, pale maji yanapodondoka na kuchimba chini ya ukuta hadi udongo wa juu unamomonyoka. Mvua ikinyesha, vaa koti ukasimame pale uone maji yanatoka upande gani. Hayo yakinge juu ya kichwa kwa mtaro wenye mteremko mdogo, usiozidi nusu mita kwa kila mita 100, uyamwage kwenye majani mazito. Usiyaelekeze kwa jirani, utaanzisha kesi.

Maji yakishapungua, jenga kuta ndogo za mawe kukatisha korongo. Kimo cha sentimita 60 kinatosha. Katikati ya ukuta pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo, miisho yake izame nusu mita ndani ya kingo, na mbele yake tandaza mawe maji yanapoangukia. Usawa wa juu wa ukuta wa chini ulingane na kitako cha ukuta unaofuata juu yake. Kwenye mteremko wa asilimia 5 hiyo ni kama mita 12 kati ya ukuta na ukuta. Nimeona magabioni (masanduku ya waya yaliyojazwa mawe) ya fedha nyingi yamebaki yakining'inia kwa sababu maji yalizunguka pembeni, kwa hiyo usidhani waya ndio dawa. Udongo ukishajaa nyuma ya kuta, panda mabingobingo, na kwenye kingo panda mkonge au nyasi za vetiva. Mabingobingo utawakatia kondoo.

Ila kondoo wenyewe wasiingie humo kwa misimu miwili au mitatu. Wazee wa Kondoa wanakumbuka mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973: mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200, na majani na vichaka vilirudi. Watu waliumia, na sikushauri ufanye hivyo kwa kundi zima. Zungushia ua wa minyaa korongo na kinamasi tu.

Maji ya kunywa yavute kwa bomba hadi kwenye birika lililo kwenye ardhi kavu na ngumu, na njia ya kulifikia ikate mteremko kwa mshazari. Faida nyingine ipo: konokono wa kinamasi hubeba minyoo ya ini, na kondoo anayekanyaga tope kutwa huoza kwato. Kama kuna waliokonda na kuvimba chini ya taya, mwite daktari wa mifugo achague dawa, maana baadhi ya dawa za minyoo huua minyoo wakubwa tu na kuwaacha wachanga.

Kuta zikamilike kabla ya Novemba. Mvua ya kwanza ikikatika, toka na sepetu ukague pembeni mwa kila ukuta; ukiona maji yameanza kutafuta njia, ziba siku hiyo hiyo.