Panda Jani Linaloliwa

Juzi nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Tabata. Amepanda maua ya kila rangi, anamwagilia asubuhi na jioni, lakini vipepeo wanapita tu, hawakai. "Dada, nakosea wapi?" Niliusoma mara mbili, maana miaka sita iliyopita swali hilo lilikuwa langu.

Tulipohamia Chanika, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufyeka. Kiwanja kilikuwa na mikwamba, mikole na vichaka ambavyo sikujua hata majina yake. Nikaita vijana wawili, jioni ukabaki mchanga mtupu. Nikaenda kwenye vitalu vya kando ya barabara, nikanunua miashoki kumi na mbili na maua ya vyunguni. Wageni walisifia. Lakini asubuhi sauti pekee iliyosikika pale nyumbani ilikuwa ya kunguru.

Viwavi walikuwepo kwenye mdimu, na nilikuwa nikiwapulizia dawa. Mpaka leo naumia nikilisema hili. Siku moja mama mkwe alinikuta na bomba mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, si unataka vipepeo? Hao ndio wenyewe."

Nikaliweka bomba chini, nikaanza kumfuatilia mmoja. Akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na doa jeupe, ungeapa ni kinyesi cha ndege. Akikua anageuka kijani. Ukimgusa anachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali inakujia puani. Ikafika siku akaacha kula, akajifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba kiunoni. Wiki mbili na ushei baadaye akatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, mbawa bado zimekunjamana. Akatulia pale mpaka zikanyooka, akaruka juu ya ukuta. Nililia, jamani.

Basi, dada wa Tabata, ua linampa kipepeo kinywaji tu. Jike anatafuta jani ambalo watoto wake watalila, asipolipata anaondoka. Wafugaji wa vipepeo wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, Kenya, wenye mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993, wanaijua kanuni hii vizuri: kwanza mti wa kiwavi, ndipo kipepeo.

Mdimu wenyewe ni mgeni hapa pwani. Mti wetu wa ukoo huohuo ni mjafari, na kiwavi yule anaula pia. Mche wangu nilipewa na mzee anayeuza dawa za asili. Una miiba, uweke mbali na njia ya watoto. Ukilifikicha jani lake linanukia ndimu.

Mikwamba sikuipanda. Nilipoacha kupalilia kona moja, visiki vilichipua vyenyewe masika ilipofika. Ila ukipanda, panda kadhaa, kwa sababu kuna mkwamba dume na mkwamba jike, na jike ndiye anayezaa vile vitunda vyeupe. Ndege shore wanavigombania tangu alfajiri. Mkole nao wanaupenda.

Mwaka jana tulikwenda msibani, tukarudi tukakuta shemeji amefyeka kona yote "ili pasionekane pori". Alifanya kwa nia njema, sikumwambia neno. Lakini kulikuwa na kiota cha ndege chozi mle ndani, nimekiokota kwenye takataka kikiwa na yai moja lililopasuka. Tangu siku ile sikubali tena mtu aniambie kwamba usafi ni mchanga uliofagiwa. Ndugu zangu, tumefundishwa kuuonea aibu mti uliotukuta hapa, tukauita kichaka, tukalipia fedha mwashoki, mti wa kutoka India. Tubadilike. Acheni dawa. Jani likitoboka, lishukuruni. Na msiende kung'oa miche kwenye hifadhi ya Pugu kwa kisingizio cha bustani. Ombeni mbegu kwa wazee, waulizeni na majina.

Na wewe dada, kabla hujanunua mche mwingine, zunguka ukuta wako uone nini kimeota chenyewe. Kipige picha unitumie. Nitampelekea mama mkwe, atatuambia kinaitwaje na nani anakila.