Kumwita Padri Si Kumwitia Mgonjwa Kifo

SWALI: Mama ana ugonjwa wa sukari, na sasa ana kidonda mguuni kisichopona. Nilitaka padri aje ampe Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kumwombea mgonjwa na kumpaka mafuta, lakini kaka zangu wanasema tutakuwa tunamwitia kifo. Jirani alimuuzia mafuta ya upako, akamwambia aache sindano. Hakupona, na sasa anaambiwa imani yake ni haba. Analia. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, binti yangu, na ningependa umsomee mama jibu hili. Lakini kwanza, kama hajarudia sindano zake, mpelekeni hospitali leo hii, kabla hata ya kumtafuta padri. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake kilichomo katika Biblia yetu, anamtaka mgonjwa amwombe Mungu na pia ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa tabibu naye ameumbwa na Bwana.

Wanaomlaumu mama wanategemea Yakobo 5:14-15, panapoagizwa kwamba mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na kule kuomba kwa imani kutamwokoa. Tazama ni nani wanaoomba hapo: ni wazee. Mgonjwa hadaiwi kitu ila kuita, maana mtu aliyeishiwa nguvu pengine hata Baba Yetu hawezi kuifikisha mwisho, na ndiyo sababu Kanisa linakwenda kitandani kwake. Anayemwambia mgonjwa kwamba hakuponywa kwa kuwa haamini amelisoma andiko hilo kichwa chini miguu juu. Mtume Paulo alimwacha mwenzake Trofimo mgonjwa kule Mileto, akamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na yeye mwenyewe aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini uondoke, usiondoke. Nani atathubutu kusema hao watatu walipungukiwa imani? Tena Petro alimkemea Simoni wa Samaria kwa kutaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, nami sioni jinsi muuzaji anavyoweza kuwa na udhuru zaidi kuliko mnunuzi.

Kaka zako siwalaumu sana, kwa kuwa hofu yao tuliipanda sisi wenyewe: kwa karne nyingi sakramenti hii iliitwa Mpako wa Mwisho, na padri alifuatwa mgonjwa akiwa hatambui mtu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1963 ulifundisha kwamba wakati wake umekwisha kufika mara mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee; na kwa utaratibu wa Kanisa, hali ikizidi kuwa mbaya anaweza kupakwa tena. Sakramenti ya anayekufa hasa ni Komunyo ya safari, yaani Ekaristi anayopewa mtu anapokaribia kufa, si mafuta.

Je, mguu utapona? Tunaomba upone, na tunaomba kweli. Lakini neno la Kiyunani ambalo Yakobo analitumia kwa “atamwinua” ndilo pia linalotumika kwa kufufuka kwa Bwana, kwa hiyo ahadi hii ni pana kuliko kidonda: inahusu msamaha, nguvu ya kuvumilia, na kuinuliwa ambako kaburi haliwezi kukuzuia.

Mwulizeni mama mwenyewe kama anataka, kisha mwandalieni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa, na kaka zako wawepo chumbani waitikie sala. Mjulisheni padri mapema kama mama anahitaji kuungama na kama anaweza kumeza, ili aje na Komunyo.