Kwa ndugu anayechukua baa yenye "leseni tayari" Roysambu: usilipe gudwili

Kama hujatuma hiyo pesa, usiitume.

Umeandika hapa kwamba umepata baa ghorofa ya kwanza huko Roysambu, Nairobi, dalali anadai gudwili, yaani pesa ya kuachiwa biashara, mbali na kodi, kwa sababu "leseni iko ukutani tayari", na unapanga bendi Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane. Umeuliza pia kuhusu spika, friji za kampuni ya bia na idadi ya wahudumu. Hayo mengine yatasubiri. Tuanze na hiyo leseni, kwa sababu ndiyo itakayokufilisi.

Leseni iliyo ukutani si yako. Leseni ya pombe Kenya hutolewa kwa mtu aliyetajwa, kwa jengo lililotajwa, kwa aina ya biashara iliyotajwa. Ukikabidhiwa funguo, ile karatasi inabaki kuwa ya yule aliyeondoka. Ukikutwa unauza chini ya jina lake, unahesabiwa kuwa unauza bila leseni, na bia iliyo kwenye friji inapakiwa kwenye gari la kanjo, askari wa kaunti, mbele ya wateja wako. Kuhamisha leseni ni ombi linalopelekwa kwenye kamati ya leseni za pombe, na kamati ina haki ya kukataa. Dalali hakuuzii leseni. Anakuuzia nafasi ya kwenda kuomba, kitu ambacho ungekipata bila yeye.

Sasa sikiliza sehemu inayowaumiza watu, mimi nikiwamo, maana gudwili niliyolipa haikurudi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tunayoiita Sheria ya Mututho, inasema katika kifungu cha 12 kwamba leseni mpya ya kuuza pombe inayonywewa papo hapo haitolewi ikiwa jengo haliko angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari au mahali pengine popote wanaposomea walio chini ya miaka 18. Shika neno "mpya". Mwenye baa wa zamani huenda aliingia wakati mtaa ni vichaka, akawa anahuisha leseni mwaka baada ya mwaka huku chekechea mbili zikifunguliwa nyuma yake. Hakuna aliyemsumbua. Wewe ukiingia na jina jipya, faili linaweza kufunguliwa upya na umbali ukapimwa upya. Baa ile ile, kaunta ile ile, lakini yeye alikuwa halali na wewe huenda huna nafasi. Huenda ndiyo maana anauza! Jiulize kwa nini mtu mwenye baa inayojaa anakuachia kila kitu, hadi viti.

Ramani ya simu itakupa mstari wa mita 300, na upime mstari ulionyooka, si njia ya kutembea, ili ujilinde dhidi ya tafsiri ngumu kuliko zote. Lakini ramani haitakuonyesha chekechea iliyo ndani ya nyumba ya kupanga au kwenye jengo la kanisa siku za kazi. Hizo unazipata kwa miguu. Nenda Jumatatu saa moja asubuhi, simama mlangoni pa hiyo baa, ufuate watoto waliovaa sare uone wanaingia wapi. Zunguka kila kichochoro. Ni kazi ya saa moja na haina malipo, na hakuna dalali atakayekwambia uifanye, kwa sababu kamisheni yake inaisha siku hiyo.

Hawa madalali wana lugha moja: "Kanjo tunawajua, usijali." Mtu anayekwambia hivyo anakueleza kwamba biashara yako itaishi kwa hisani ya afisa mmoja, na afisa akihamishwa, unaanza kulipa upya kwa sura mpya. Na kuna siku amri inatoka juu kabisa. Novemba 2022 Gavana Sakaja alitangaza kwamba klabu za usiku zilizo katika maeneo ya makazi Nairobi zinafutiwa leseni. Siku kama hiyo, kumjua mtu wa wadi hakukusaidii kitu.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye kila tangazo la "baa inapangishwa": mwenye nyumba awe wa mwisho kulipwa. Najua utasema huwezi kuomba leseni bila kuwa na jengo. Kweli. Ndiyo maana unatia saini mkataba wenye sharti. Mwambie wakili, na awe wakili wako, si wa mwenye nyumba, aandike kwamba mkataba unaanza siku leseni ya kuuza pombe itakapotolewa kwa jina lako kwa jengo hilo. Kwamba kodi haihesabiwi kabla ya siku hiyo. Kwamba amana inakaa kwa wakili na inarudi yote ndani ya siku zilizotajwa kamati ikikataa. Na kwamba matumizi yanayoruhusiwa ni "baa na muziki wa moja kwa moja", kwa maneno hayo hayo. Ukiandikiwa "biashara" tu, mpangaji wa juu akilalamika mwenye nyumba atakugeuka. Dai pia nakala ya idhini ya matumizi ya jengo kutoka idara ya mipango ya kaunti. Kama jengo liliidhinishwa kuwa nyumba za kuishi zenye maduka chini, kubadilisha matumizi ni ombi jingine, na asiyepaswa kuligharimia ni wewe. Mwenye nyumba akikataa mkataba wenye sharti la leseni, umeshapata jibu lako. Mwenye nyumba anayeamini jengo lake litapita hana sababu ya kukataa.

Na usipake rangi. Usijenge jukwaa. Usivute waya wa stima. Kila shilingi unayoitia ukutani inabaki kwake.

Halafu kuna saa zako. Kwa sheria ile ya 2010, leseni ya kawaida ya baa inaruhusu kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku Jumatatu hadi Ijumaa, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi na sikukuu. Bendi yako inaanza saa tatu. Una saa mbili tu za kuuza bendi ikipiga! Kuendelea hadi saa nane usiku kunahitaji leseni ya klabu ya usiku, ambayo ni aina nyingine, ada nyingine, na Roysambu watu wamelala ukuta kwa ukuta nawe. Nairobi ina sheria yake ya vileo ya 2014, kwa sababu Katiba ya 2010 ilizipa kaunti leseni za pombe na pia udhibiti wa kelele, kwa hiyo uliza ofisi ya leseni ya kaunti ndogo ni aina gani hasa inayokubalika kwa barabara hiyo. Uliza kabla ya kuandika ombi, maana ombi la aina isiyofaa linakataliwa na ada ya kuomba hairudi.

Kelele sasa. Wengi hapa wamekwambia "uko eneo la biashara, piga muziki". Kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, zinaruhusu desibeli 60 mchana eneo la biashara na 55 eneo lenye mchanganyiko wa makazi na burudani. Lakini usiku, unaoanza saa mbili na dakika moja, kote kuwili ni 35. Thelathini na tano ni chumba cha kulala kilichotulia.

Piga hesabu ya kukadiria. Dramu na vipaza sauti ndani ya ukumbi mdogo ni kama desibeli 100. Madirisha ya vioo vya luva hayazuii zaidi ya 20 au 25, kwa hiyo nje una 75. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kama 6. Ukianzia mita moja, jirani aliye mita 16 anapata kama 51, na hapo nimekuhesabia vizuri, kwa sababu ukuta mzima unapotoa sauti upungufu huwa mdogo kuliko huo. Umevuka kiwango kwa 16. Besi ndiyo mbaya zaidi. Inashuka kwenye slabu na kupanda kwenye nguzo, na mpangaji wa juu anaisikia kupitia mto wake.

Trei za mayai na sponji ukutani hazizuii sauti kutoka. Zinapunguza mwangwi ndani, basi. Kinachozuia ni uzito na kuziba: ukuta wa mawe uliopigwa plasta pande zote, dari nzito, milango miwili yenye kijichumba katikati ili mmoja usifunguliwe kabla ya mwingine kufungwa. Uwazi ukifika asilimia moja tu ya ukuta, hata ukuta uwe mzuri namna gani hauzuii zaidi ya desibeli 20. Ukishaziba, joto linapanda na lazima ulipie mashine za hewa. Hizo gharama ziingize kwenye hesabu leo. Kibali cha kuvuka kiwango kipo, lakini hakizidi siku saba kwa wakati mmoja, kwa hiyo kinafaa tamasha, si kila Ijumaa.

Mirabaha ya muziki, yaani malipo ya wenye nyimbo, nayo ni bili ya peke yake. Uliza KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni vyama gani vina idhini ya kukusanya mwaka huu kabla hujampa yeyote pesa.

Kabla ya wakili, fanya jaribio hili. Kodisha spika mbili, nenda saa kumi na mbili jioni kwa ruhusa ya mwenye baa, ziweke sauti ya bendi kwa dakika kumi, nawe ukasimame dirishani kwa jirani wa karibu ukiwa na kipima sauti. Ongea na huyo jirani. Ilani ya ombi lako ikibandikwa, ndiye mwenye haki ya kupeleka pingamizi, na heri ulisikie leo kwake kuliko mbele ya kamati.

Jumatatu ukishamaliza kufuata hizo sare, rudi hapa uandike umehesabu shule ngapi na iliyo karibu iko mita ngapi. Dalali akikupigia simu kabla ya hapo, mwambie wakili wako bado anaandika.