Mchango wa mtoto mwenye usonji, pesa ziende wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Sisi ni kikundi cha wafanyakazi, mwenzetu ana mtoto wa miaka sita mwenye usonji (autism, ile hali ya ubongo kukua tofauti, mtoto anapata shida kuwasiliana na wenzake), tumepanga matembezi ya hisani tarehe 2 mwezi wa nne, tuchapishe fulana zenye picha ya mtoto, tukodi mziki, alafu pesa tumkabidhi mama yake na zikibaki tuwape familia zingine. Mama mwenyewe hatujamwambia, tunataka iwe sapraizi. Tushauri tusije tukakosea.
Katibu wa kikundi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongereni kwa moyo huo, ila hiyo sapraizi naomba muifute leo leo. Habari za mtoto ni za mama, yeye ndo anachagua nani ajue na nani asijue, na picha ikishasambaa mitandaoni hairudi tena. Huyo mtoto atakua jamani, atakuwa kijana anatafuta kazi, na fulana ya "msaidieni" bado iko kwenye simu za watu. Mfuateni mama pembeni, wawili tu mnaoelewana nae, mumuulize ni saa ngapi za siku zinamuelemea zaidi.

Huenda akawaambia usiku. Watoto wengi wenye usonji usingizi wao ni wa shida, sasa mtoto akiwa macho saa nane za usiku na mama yuko macho, alafu asubuhi anatakiwa kazini kama nyinyi. Hapo mchango unaweza kumlipa mtu aliyefundishwa vizuri, ambaye mtoto ameshamzoea, akae nae jumamosi mchana mama alale. Najua wachangiaji wengi hawataki kusikia pesa yao imeenda kwenye usingizi wa mtu, lakini kwangu mimi huo ndo msaada wenyewe.

Kingine, msitoe zote kwa mkupuo. Mtoto anapelekwa kwa mtaalam wa matamshi wiki kadhaa, anaanza kushika, pesa zinaisha, anarudi kukaa nyumbani. Bora kiasi kidogo kila mwezi mwaka mzima. Mfano mtoto asiyeongea anaweza kufundishwa kumpa mama kadi yenye picha ya kikombe akiwa na kiu, badala ya kulia na kujigonga kichwa ukutani kwa sababu hakuna anayemuelewa, na kadi yenyewe ni karatasi tu, kinachokula pesa ni muda wa mtu wa kumfundisha yeye, na wazazi, na mwalimu wake wa darasani ili wote watumie kadi zile zile.

Tarehe mmepatia, ndo siku ya uelewa kuhusu usonji iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa 2007. Lakini mziki mkubwa hapana! Wapo watoto ambao sauti ya spika kwao ni maumivu kabisa, wanaziba masikio na kukimbia, sasa mtakuwa mmeandaa shughuli ambayo mwenyewe hawezi kuhudhuria. Tembeeni bila spika, wekeni sehemu tulivu ya kupumzikia na hedifoni za kuzuia kelele.

Na hizo za "zikibaki", waambieni watu mapema kabla hawajachanga, sio baadae. Hesabu zisomwe mbele ya waliotoa.

SWALI: Tumemchangia mtoto wa kaka yangu, sasa kuna mtu anatuuzia matone anasema yanatoa sumu ya chanjo na usonji unaisha. Tununue?
Baba mdogo

JIBU: Msinunue. Chanjo hazileti usonji, ule utafiti wa 1998 uliozusha hayo maneno jarida lenyewe la kitabibu lililouchapisha, Lancet, liliufuta 2010. Na usonji hauna dawa ya kuumaliza, mtoto anazaliwa hivyo, tunachoweza ni kumsaidia awasiliane, ajifunze na aishi vizuri. Someni chupa imeandikwa nini, maana baadhi ya hayo matone ni klorini dioksidi, kemikali ya kupaushia, inaweza kumletea mtoto kutapika na kuharisha vibaya mpaka akaishiwa maji mwilini. Kama ameshapewa mpelekeni kwa daktari leo, na hiyo chupa mwende nayo.