Hiyo njaa inayokutisha

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, usingizi ukaniruka. Umeniuliza: "Mama, mbona tangu nianze kula tena sishibi? Namaliza kula, nusu saa haijapita nawaza chakula. Nimekuwa mlafi?"

Hapana, kipenzi changu. Ulijinyima chakula mpaka ukaugua, na sasa mwili wako unadai deni lake.

Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula karibu nusu vijana 36 waliojitolea, kwa miezi sita. Wote walianza wakiwa wazima, wa mwili na wa akili. Njaa ilipowakolea wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi, wanakaa na sahani moja muda mrefu wakikichezea kilichomo. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula mpaka tumbo likawajaa na bado wakasema wana njaa. Iliwachukua miezi kutulia.

Niliposoma habari hiyo nililia, maana nilikuona wewe. Nilikumbuka ulivyokuwa ukikata kipande kimoja mara nane, unakisogeza ukingoni mwa sahani, halafu unakifunika kwa kijiko ukigundua nakutazama. Nikidhani unaringa. Na kabla ya hapo, ulipoanza kukonda, mimi ndiye niliyekusifu mbele za watu. Unisamehe, mwanangu. Sikujua kuwa nausifia ugonjwa.

Sasa mfuate mtaalamu wako wa lishe: milo mitatu na vitafunio katikati, usikae zaidi ya saa 3 au 4 bila kula, hata kama mlo uliopita ulikuwa mkubwa. Najua hapo ndipo panapokushinda. Ukila sana usiku, asubuhi unataka kufidia kwa kuruka mlo. Usiruke, nakuomba. Kuruka huko ndiko kunakoirudisha njaa jioni ikiwa kali zaidi, nawe unajihukumu upya. Siku nyingine utajisikia umevimbiwa kwa chakula kidogo tu. Tumbo lililozoea kunyimwa huwa zito kusukuma chakula, na litarudi taratibu. Lakini ukiona miguu inavimba, au moyo unakwenda mrama, au unataka kuzimia, usingoje kuniuliza mimi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usiniambie tena uzito wako, wala mimi sitauuliza. Mizani ya bafuni nimeitoa. Nimewaambia na shangazi zako pia: ukija, asitokee mtu wa kukwambia umenenepa au umependeza. Wakuulize habari za kazi.

Tutaketi mezani pamoja. Sitahesabu vijiko vyako. Nitakuwa nakula changu, na ukitaka kuongezewa, bakuli litakuwa karibu na mkono wako.

Mama yako