Saa nane au masaa nane?

Swali la wiki: je, namna ya kusema jambo hubadili maana yake? Kwenye dirisha la dawa hapa Mbeya, ndiyo, na wakati mwingine silabi moja inatosha.

Chukua dawa mseto ya malaria (ALu), ambayo wagonjwa wa Kyela na Usangu wanaifahamu vyema. Mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 24: vinne vinne, mara sita, kwa siku tatu. Mtego uko kwenye dozi ya pili, inayotakiwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Mtoa dawa akisema "utameza tena baada ya saa nane", Kiswahili chake ni fasaha kabisa, ila mgonjwa anasikia saa nane mchana. Aliyeanza saa 3 asubuhi atawahi mno. Aliyeanza saa 7 mchana atarudia saa moja tu baadaye! Na wa saa 10 jioni? Huyo atangoja saa 8 usiku, usingizi umpitie, dozi ihamie kesho.

Walimu wa Kiswahili hutukanya kusema "masaa". Darasani wana haki. Dirishani, "masaa nane yakipita" humwondoa mgonjwa kwenye saa ya ukutani, na mimi kosa hilo nalisamehe. Bora zaidi, mtoa dawa apige hesabu mwenyewe: umeanza saa 3 asubuhi, ya pili ni saa 11 jioni, kesho na keshokutwa, saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Asubuhi, jioni, usiku: maneno hayo yasikosekane. Kwenye bahasha usiandike 8:00, maana mmoja atasoma saa nane na mwingine saa mbili. Dawa hii pia huingia mwilini vizuri zaidi ikiwa na chakula chenye mafuta au maziwa. Ukisema "baada ya kula" ukaishia hapo, chai ya rangi nayo itahesabiwa mlo.

"Kutwa mara tatu" nayo ina lake. Kutwa huisha jua likizama, kwa hiyo dozi tatu za amoksilini (dawa ya kuua bakteria) hubanwa kati ya asubuhi na jioni, usiku ukabaki mtupu. Taja saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Kwa mtoto anayeharisha, anayepewa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), "pakiti ya ORS kwenye chupa ya maji" ni hatari. Chupa ipi? Pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye chupa ya nusu lita, chumvi inakuwa maradufu na humdhuru mtoto. Sema chupa mbili za nusu lita.

Halafu kuna "umeelewa?", swali ambalo jibu lake siku zote ni ndiyo, hasa mzee akiulizwa na kijana mbele ya foleni. Uliza hivi: "Mama, dozi ya pili utaimeza saa ngapi?" Akijibu saa nane, na ameanza saa tatu, rudi mwanzo.