Usingoje mpaka uwe na pesa za kununua mchoro

Dadangu, umeuliza kama ni sawa kuingia kwenye maonyesho ya mchoraji unayempenda ilhali huna uwezo wa kununua, na kama watakutazama vibaya. Woga huohuo ulinizuia miaka mingi. Nilikuwa nikifika nje ya nyumba za sanaa hapa Nairobi, nachungulia dirishani, kisha naenda zangu.

Aliyenitoa woga ni mchoraji Sane Wadu. Mwanzoni mwa 2022, NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), taasisi ya sanaa iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ilifungua ukumbi wake pale kwenye jengo la maduka la Rosslyn Riviera, Limuru Road, kwa maonyesho ya Wadu peke yake, I Hope So. Naishi Ruaka, ni karibu tu. Ningekosaje? Wadu alikuwa mwalimu kama mimi, akaacha chaki miaka ya 1980 ili achore. Watu walipomwona amevaa nguo alizozipaka rangi mwenyewe wakasema ameingiwa na wazimu, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Jina hilo hunisisimua hadi leo.

Sikulipa hata shilingi. Hakuna aliyeniuliza ninanunua nini, maana NCAI haiko pale kufanya biashara.

Kazi za Wadu nilizijua kwa simu tu, na kwenye simu rangi huwa bapa. Pale ukutani, hasa kwenye kazi za baadaye, rangi ya mafuta imerundikwa kama matope ya barabarani baada ya mvua. Unaona brashi ilikopita, ilikogeuka, ilikorudi. Ukisogea karibu sana yote yanavurugika. Rudi hatua nne, watu wanajitokeza. Mbele ya mchoro mmoja nilisimama hadi miguu ikaniuma. Halafu ile safari yake yote, miaka zaidi ya thelathini, iko chini ya paa moja: mwanzoni mkono una uangalifu mwingi, baadaye unafunguka, unathubutu. Hilo huwezi kuliona kwa picha mojamoja mtandaoni.

Kwa hiyo nenda. Ila kama ni mara ya kwanza, epuka siku ya ufunguzi. Siku hiyo utaona migongo ya watu kuliko michoro. Katikati ya wiki ni kimya. Tazama kwanza, kibandiko cha maelezo kando ya mchoro ukisome baadaye, la sivyo utaona kile tu ulichoambiwa. Usiguse kazi, na uliza kabla ya kupiga picha. Wahudumu waulize chochote; wengi wao ni wasanii au wapenzi wa sanaa, na hufurahi kuulizwa.

Wiki mbili baadaye nilirudi na binti yangu, daftari la shule mkononi. Aliketi sakafuni katikati ya chumba akachora hadi saa ya kufunga, na mhudumu akawa anamzunguka polepole asimsumbue.